Mwaka Aliozaliwa Teresia

Chuo cha Ualimu,
22 Aprili 1976

Mjomba Emuron,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipokuwa Chuo Kikuu, na wiki hii limeacha kuwa la wasomi. Karatasi inapomuuliza mtu jambo ambalo hakuna alijuaye kwa hakika, ni nani mwenye haki ya kulijibu kwa niaba yake?

Jumanne kamati yetu ya kuchagua walimu wanafunzi ilikaa. Jina la Teresia liliposomwa nilitoka chumbani, kwa kuwa mtu hamhukumu mdogo wake. Nilisimama kwenye baraza kwa dakika nne. Nilipoitwa ndani, Bi. Kagwiria, katibu wa kamati, alinisogezea faili bila kuniangalia usoni. Alama za Teresia katika mtihani wa kidato cha nne ni nzuri kuliko za nusu ya tuliowachukua. Juu yake imegongwa muhuri: AMEKATALIWA. UMRI.

Karatasi zinasema alizaliwa tarehe moja Januari 1961. Ana miaka kumi na mitano, na sisi hatumchukui aliye chini ya kumi na minane.

Mjomba, mimi nilikuwapo Teresia alipozaliwa. Nilikuwa na miaka sita, nikatumwa kuita wanawake, na ilikuwa wiki ile ng'ombe wa Burat walipokusanywa kuchanjwa. Huo ni mwaka 1957. Teresia ana miaka kumi na tisa. Shule iliyomwandikisha ni yako, na daftari la kuandikisha ni lako. Nataka kujua ni nani aliyemwibia mdogo wangu miaka minne, na aliipeleka wapi.

Regina


Burat, Isiolo,
16 Mei 1976

Mpwa wangu Regina,

Barua yako ilifika bila salamu. Abdinur mwenye duka, ambaye sanduku lake la posta ndilo letu sote, alinikabidhi huku watu wamesimama wakingoja habari zako. Nikaisoma, nikaigeuza nyuma kutafuta kama salamu zimeandikwa huko. Ikabidi nizitunge mwenyewe. Nikawaambia, "Regina anawasalimu wote, hasa wazee." Wakafurahi. Kwa hiyo tayari umeshanifanya niseme uongo, na bado hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Basi nitasalimia kwa niaba yetu wawili. Hujambo, mwanangu? Sisi tu wazima. Goti la mama yako limepungua uvimbe. Mvua imenyesha siku tatu na kukata. Wanajeshi wa kambini wamekuwa wakifanya mazoezi ya kulenga shabaha, na mbuzi wetu wawili walikimbia hadi wakaonekana karibu na soko la mifugo, kana kwamba wanajiuza.

Teresia yuko mtaani Bulla Pesa kwa shangazi yako. Alipoitwa kwenye mahojiano ya chuo chenu, hapa ofisi ya elimu ya wilaya, ofisa alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena. Nilikuwa nimeketi mlangoni, nikasikia yote.

"Wewe msichana, unadanganya nani? Hapa inasema miaka kumi na tano."

"Mimi sikuandika hiyo, mzee."

"Nani aliandika?"

"Siku hiyo sikuwa najua kusoma. Nilikuwa naangalia kalamu tu."

"Basi rudi ukifikisha kumi na minane."

"Nimeshafikisha. Lakini kama ni lazima nizaliwe tena, nionyeshe mlango wa kuingilia."

Walicheka wote isipokuwa aliyeshika muhuri.

Umesahau kuuliza milango mingine, kwa hiyo nitakueleza bila kuulizwa. Kidato cha tano cha wasichana hapa Isiolo hakuna. Aliyepata nafasi mbali ni mmoja, naye ni binti wa mkubwa. Chuo cha wauguzi kinataka umri ule ule mnaoutaka ninyi. Chuo cha kupiga taipu kiko Nairobi, na karo yake ni ng'ombe wanne ambao hatuna. Kilichobaki ni chuo cha ufundi cha kijiji, mahali pa kujifunza kushona. Pale hawaulizi umri. Pale hawaulizi chochote, maana hawatarajii chochote. Msichana aliyekuwa wa kwanza wilayani katika hesabu atafundishwa kupima kiuno cha sare.

Kuhusu daftari, nimelisoma swali lako. Sina la kujibu.

Mjomba wako,
Emuron


Chuo cha Ualimu,
30 Mei 1976

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nisalimie mama na goti lake, shangazi, mbuzi waliorudi, na wazee wote wa dukani kwa Abdinur. Mimi ni mzima. Huku chai inachumwa na ukungu hauondoki hadi saa nne. Natumaini salamu hizi zinatosha kufidia na zile zilizopita.

Sasa niruhusu niwe na hasira, nikijitahidi isiwe hasira isiyo na adabu.

Unasema huna la kujibu. Mjomba, wewe ni mwalimu mkuu. Kila Januari tangu nikiwa mtoto nimekuona ukiwapanga watoto kwenye foleni na kuwaambia wapitishe mkono juu ya kichwa hadi washike sikio la upande wa pili. Aliyefikia, aliandikwa. Aliyeshindwa, alirudi kwa mama yake. Kipimo hicho hakina kosa kama huna kingine, lakini hakiwezi kumfanya mtoto wa miaka kumi kuwa wa miaka sita. Kufanya hivyo kunahitaji kalamu, na mtu wa kuishika.

Nimejaribu kuitetea kalamu hiyo. Najua kwamba Teresia alichelewa kuletwa shuleni. Najua kuwa ofisi ya elimu ya wakati ule ilikataza mtoto wa zaidi ya miaka minane kuanza darasa la kwanza, kana kwamba watoto wetu walikuwa wamekaa nyumbani kwa kiburi. Labda mtu alisema: afadhali uongo mdogo kuliko mtoto kubaki nje. Lakini mtu huyo hakufikiri kwamba msichana yule angeruka madarasa mawili kwa akili zake, na kwamba uongo mdogo ungemngojea kwenye mlango wa pili ukiwa umekua pamoja naye. Na ikiwa alifikiri, akanyamaza, basi sijui nimwite nani.

Njia iko moja. Mwalimu mkuu aape mbele ya hakimu kwamba tarehe iliandikwa kimakosa, aseme ni nani aliyeiandika, na aonyeshe daftari. Kamati yetu itaipokea hati hiyo, nimeuliza. Nafasi za Januari zinafungwa mwishoni mwa Oktoba. Nakuomba kwa heshima zote: apa.

Mpwa wako,
Regina


Chuo cha Ualimu,
25 Julai 1976

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Wiki nane zimepita. Nimeandikiwa na shangazi kwamba u mzima na unafundisha, kwa hiyo si ugonjwa. Ameniambia pia kwamba Teresia ameanza kushona.

Nimeanza kuamini jambo ambalo sikutaka kuliamini: kwamba unailinda kalamu yako kwa sababu umebakiza miaka miwili ustaafu. Nikiwa nimekosea, nitaomba radhi. Lakini siwezi kuomba radhi kwa ukimya.

Regina


Burat, Isiolo,
28 Agosti 1976

Mpwa wangu Regina,

Salamu nyingi. Mama yako anakuuliza kama huko mnakula ugali au mnakunywa chai tu. Shangazi anataka kitambaa cha kichwa, rangi yoyote isipokuwa ya njano. Mzee M'Ikiara, aliyekuwa akituletea ndizi kutoka mlimani, ametutoka. Watu wa kila kabila walimzika.

Teresia anashona. Amenishonea shati ambalo mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, akasema, "Huo mrefu ni wa kushikia sikio." Nalivaa kanisani. Mwalimu wake anamsifu kwa kupiga hesabu ya vitambaa kichwani. Juzi nilimkuta amekaa nyuma ya cherehani, anawafundisha wenzake sehemu na desimali kwa kutumia chaki ya kuchorea nguo. Nilisimama pale dirishani nikaona aibu, na sikuweza kukuandikia wiki hiyo pia.

Umeandika kwamba nailinda kalamu yangu. Regina, nimefundisha miaka ishirini na sita. Daftari lile lina majina ya watoto sitini na wawili ambao miaka yao si ya Mungu. Wengine leo ni makarani, wengine ni askari, mmoja ni mhudumu wa kliniki anayechoma sindano wakubwa wa wilaya. Ofisi ikilifungua kwa ajili ya mmoja, italifungua kwa ajili ya wote. Walitutungia sheria ya kuhesabu miaka mahali ambapo hawajawahi kuleta karani wa kuandika vizazi. Sisi tuliambiwa tulete cheti, na anayetoa cheti hakuwahi kufika. Mimi si mwizi wa miaka. Nilikuwa nagawa miaka kwa watu ambao serikali haikuwapa hata mmoja.

Hata hivyo si kwa sababu hiyo nilinyamaza.

Nimekata ukurasa mmoja, nao umo ndani ya bahasha hii. Usome kwanza, kisha uniambie kama bado unataka niape ni nani aliyeandika.

Emuron


Chuo cha Ualimu,
9 Septemba 1976

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwambie mama tunakula ugali. Kitambaa cha shangazi kitakuja. Ni cha buluu. Pole kwa M'Ikiara.

Nimeusoma ukurasa.

Nilianza na jina: Teresia Lokorio. Kisha tarehe ya kuzaliwa. Kisha siku ya kuandikishwa, tarehe tisa Januari 1967. Nikaitazama ile saba. Imekatwa kiunoni kwa mstari mdogo.

Wewe huandiki saba hivyo. Hujawahi. Nina barua zako za miaka tisa, na kila saba yako ni fimbo iliyopinda basi. Wanaoikata ni wale waliofundishwa na masista wa Kiitalia, na kwa Burat yote, Januari ya mwaka huo, aliyekuwa amesoma kwa masista alikuwa mmoja, yuko nyumbani kwa likizo, amevaa viatu vyeupe na anajiona.

Nilikumbuka meza. Ulikuwa umeitoa nje, chini ya ukuta wa darasa, kwa sababu watoto walikuwa wengi. Ulisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wako, nami nikakaa nikaandika asubuhi nzima. Nakumbuka wino ulimwagika kwenye kidole. Sikumbuki kuandika jina la mdogo wangu. Naapa kwamba sikumbuki, na najua kiapo hicho hakina thamani, kwa kuwa mwandiko uko mbele yangu.

Nimekuandikia barua tatu nikimtafuta mwizi, nawe ukazipokea mbele ya watu dukani na kunitungia salamu. Niliandika kwamba unailinda kalamu yako. Naomba radhi. Sijui kama kuna neno la Kiswahili linalotosha.

Lakini nimekasirika zaidi, wala si kwako. Nimekasirika na meza ile, na ofisi iliyomfanya mtoto wa kidato cha pili kuwa msajili wa vizazi. Halafu najiuliza kama hasira hii si njia nyingine ya kujificha. Teresia alifika shuleni na miaka kumi kwa sababu mtu mmoja katika nyumba yetu alipaswa kubaki na mbuzi, na huyo hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nikijifunza kukata saba.

Nitakuja Isiolo nikaape mwenyewe. Usifanye lolote kabla sijafika. Nimeomba ruhusa ya wiki ya pili ya Oktoba.

Regina


Burat, Isiolo,
1 Oktoba 1976

Mwanangu Regina,

Tumepokea kitambaa. Shangazi amekivaa sokoni siku tatu mfululizo, hata wauza miraa wanamwita Buluu. Mama yako ni mzima.

Usije. Nimeshaapa.

Nilikwenda kwa hakimu Jumatatu, nimevaa shati la Teresia. Nilisema kwamba mtoto alizaliwa 1957, wiki ya chanjo, na mama yako alitia kidole gumba kuthibitisha. Nilisema kwamba mwaka 1961 niliuandika mimi, kwa mkono wangu, kwa hiari yangu. Hakimu akauliza, "Mwalimu, daftari liko wapi?" Nikamwambia limeliwa na mchwa. Akasema, "Lote?" Nikasema, "Mheshimiwa, mchwa wa Burat ni wasomi sana, hawaachi ukurasa." Karani alicheka, hakimu akatia sahihi. Kwa hiyo sitini na mmoja wale watalala salama, na mmoja atakuja kwenu Januari na miaka yake kamili.

Najua utapinga. Utasema nimetoa uongo mmoja kwa kuingiza mwingine. Lakini fikiri: mwalimu wa walimu akisimama kortini na kusema, "Ni mimi niliyeghushi," kesho watakutoa chuoni, na kesho kutwa watauliza kama na Teresia aliingizwa na dada yake. Mtakosa nyote wawili. Mimi wakinikata, watakata mti ambao umeshazaa.

Na ili usijisumbue: mimi ndiye niliyekutajia mwaka. Nilisimama nyuma yako nikasema, "Andika sitini na moja." Uliandika kama mtoto mtiifu. Kwa hiyo kiapo changu si uongo sana. Mkono ulikuwa wako, ulimi ulikuwa wangu.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili. Ukurasa uchome.

Mjomba wako,
Emuron


Chuo cha Ualimu,
6 Februari 1977

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye anwani yako mpya, nikitumaini dereva wa lori la shule atakufikishia. Nasikia pale walipokuhamishia hakuna nyumba ya mwalimu na kwamba unalala kwenye ghala la vitabu. Nasikia pia kwamba waliokuvua ukuu wa shule walikusomea barua mbele ya wanafunzi wako, na kwamba ulisahihisha makosa mawili ya lugha kabla ya kuikunja. Shangazi amelieleza hilo kwa fahari. Mimi nililisoma nikatoka darasani.

Mama ni mzima. Shangazi ameniandikia. Teresia amefika. Anaishi bweni la pili, na darasani ananiita "Mwalimu Lokorio" kwa sauti ya adabu kiasi cha kunitia hofu. Katika hesabu hana mpinzani. Amewashonea wenzake mapazia.

Umenikataza kuandika juu ya jambo lile. Nimekutii kwa miezi minne, na leo nitakuasi mara moja.

Siku ya kuripoti nilikuwa mezani na Bi. Kagwiria, tukiwapokea wapya. Teresia alipofika alipewa fomu. Alijaza jina, kijiji, dini. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa akasimama, akanigeuzia fomu, akanyoosha kalamu.

"Andika wewe," akasema. "Mwandiko wako ni mzuri."

Bi. Kagwiria akacheka, akidhani ni heshima. Mimi niliandika: 1957. Nikaikata saba kiunoni; mkono haukujua njia nyingine. Teresia akaitazama, akasema polepole kwa Kiturkana kwamba sasa imekaa vizuri.

Jioni nilimfuata bustanini. Nilimuuliza kama amejua siku zote. Akasema alijua, si alikuwa akiangalia kalamu? Mbona hakumwambia ofisa? Akasema, "Ningemwambia, wewe ungekuwa wapi saa hii?" Kisha nikamuuliza lile ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie: mjomba alikuwa wapi nilipoandika?

Anasema ulikuwa mbali, kwenye foleni, unawapima watoto masikio. Anasema hukusema neno. Anasema mimi nilimtazama, nikatazama daftari, nikaandika.

Wewe umeniandikia kwamba ulinitajia mwaka. Yeye anasema hukuwapo mezani. Yeye alikuwa na miaka kumi, na mtoto wa miaka kumi huweza kuchanganya asubuhi mbili. Wewe ulikuwa mtu mzima, na mtu mzima huweza kusema lolote ili mpwa wake apate usingizi. Mimi niliyeshika kalamu sikumbuki chochote isipokuwa wino kidoleni. Kama niliandika kwa amri yako, nilikuwa chombo. Kama niliandika peke yangu, basi nilimhurumia mdogo wangu kwa namna iliyomgharimu, nawe umelipia huruma hiyo kwa jina lako. Kuna na la tatu, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi: kwamba niliona aibu, mbele ya foleni ile na viatu vyangu vyeupe, kuandika kwamba dada wa msomi ana miaka kumi na hajui a wala be.

Wiki ijayo kamati inakaa tena. Nimeona mafaili. Wasichana kumi na mmoja wa kutoka kwetu wote wamezaliwa tarehe moja Januari, kama kondoo wa zizi moja. Watatu ni wadogo mno kwa karatasi. Bi. Kagwiria amekwisha toa muhuri. Nitasema nini? Nikisema karatasi zinadanganya, wataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, nitakuwa yule ofisa. Nimeandika hotuba mara mbili na kuichana mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na hasira nyingi kuliko ukweli, na ya pili ilikuwa na ukweli usio wangu peke yangu kuutoa.

Ukurasa sijauchoma. Sijaupeleka ofisini pia, ingawa ungekurudishia shule yako. Umo katika droo, kati ya barua zako, na kila ninapoufungua nataraji mwandiko uwe umebadilika.

Swali nililoanza nalo mwaka jana bado liko pale pale, mjomba, na nadhani litabaki. Si kwamba ni gumu mno. Waliokuwapo walikuwa watatu. Mmoja amesahau, na wawili waliobaki wananipenda, kila mmoja kwa upande wake. Nami sijafundishwa, katika vyuo vyote nilivyopitia, namna ya kupokea ushahidi wa mtu anayenipenda.

Nakutumia blanketi. Ghala la vitabu lina baridi.

Mpwa wako,
Regina